Utando Unaozaliwa na Msuguano

Oili ya injini haiwezi kuzuia chuma kisigusane na chuma wakati wote. Shafti inapozunguka kwa kasi, oili huvutwa ndani ya beringi na kuiinua, lakini pale kamu inapokandamiza tapeti, oili huwa nyembamba kuliko vinundu visivyoonekana kwa macho vilivyomo kwenye uso wa feleji, hata uliosuguliwa ukang'aa, na vinundu hivyo hukutana, hunasana na kung'oana. Hapo uzito wa oili hausaidii tena, na ulinzi hutoka kwenye kemia.

Kemikali iliyobeba kazi hiyo kwa miongo mingi ni kampaundi ya zinki, fosforasi na salfa inayojulikana kwa herufi ZDDP. Ilipoanza kutiwa katika oili, miaka ya 1940, ilikusudiwa kuzuia oili isiharibiwe na oksijeni na beringi zisichakazwe na asidi. Uwezo wake mkubwa zaidi, wa kuzuia vyuma visilike, ulitambuliwa baadaye. Molekuli zake hukaa ndani ya oili zikiwa zimeyeyuka, mpaka joto na shinikizo la vyuma vinavyosuguana vizivunje. Ndipo salfa inaposhikana na chuma, na juu yake hujengeka utando wa fosfeti, mgumu mithili ya kioo, wenye unene wa takriban nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzao waliusugua uso kwa ncha ya hadubini ya nguvu za atomu ndani ya oili yenye ZDDP, wakaona utando ukikua kwa kasi zaidi kadiri walivyozidisha shinikizo. Ajabu yake ni kwamba nguvu ileile inayotishia kuharibu chuma ndiyo inayojenga kinga yake, mahali palepale inapohitajika.

Hata hivyo, fosforasi inayofika kwenye moshi hudhoofisha kichocheo kinachosafisha gesi za ekzosi, na ndiyo sababu kiwango cha ILSAC GF-4 cha mwaka 2004, kwa oili za magari ya petroli, kilishusha kikomo chake hadi asilimia 0.08. Kwa injini za zamani, ambazo kamu zake husugua tapeti bapa, upungufu huo si jambo dogo, na mwenye injini ya aina hiyo ana haki ya kuuliza kiasi cha fosforasi kabla ya kununua oili.