Mauzo ya Ndizi na Istilahi za Kompyuta kwa Mhasibu

Mkulima wa Chala akifikisha mikungu 40 ya ndizi katika soko la Taveta na kuiuza shilingi 350 kila mmoja, mnunuzi wa kutoka Mombasa anaweza kumlipa 14,000 zake kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Tuchukue biashara hiyo iwe mfano wetu, maana istilahi nyingi za mifumo ya kompyuta anazotakiwa kuzijua mwanafunzi wa uhasibu zimo ndani yake.

Simu ni maunzi, yaani kifaa kinachoshikika. Menyu ya M-Pesa ni programu, maagizo yanayokiongoza kifaa. Kati ya maunzi na programu hizo upo mfumo endeshi, kama Android, unaosimamia skrini, kumbukumbu na kila kinachofunguliwa. Lakini mfumo mzima wa kompyuta haukamiliki bila data, taratibu na watu, na hivyo vitatu ndivyo uwanja wa mhasibu.

Mnunuzi anapobonyeza namba ya mpokeaji, kiasi na namba yake ya siri, anaingiza data. Kuangalia kama salio linatosha, kulipunguza na kuongeza la mkulima ni uchakataji. Kazi hiyo hufanyika kwenye seva, kompyuta zinazohudumia simu nyingi kwa pamoja kupitia mtandao. Matokeo, yaani towe, ni ujumbe unaoingia katika simu zote mbili.

Usome ujumbe huo kwa jicho la mhasibu. Aliyepokea anaona msimbo wa herufi na tarakimu 10, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe, saa na salio. Kila kimoja ni uga. Nyuga hizo kwa pamoja ni rekodi moja, na rekodi nyingi zilizopangwa ili zitafutike upesi ni hifadhidata. Msimbo ndio ufunguo wa rekodi: watu wawili wanaweza kutuma 14,000 siku moja, hata majina yakafanana, lakini kila muamala una msimbo wake. Kwa hiyo karani makini huunakili msimbo, haandiki “ndizi za Jumamosi” akaishia hapo. Mkulima akiufuta ujumbe, muamala haufutiki. Rekodi ipo kwenye seva, naye anaweza kuomba taarifa ya miamala yake.

Towe la mfumo mmoja huwa ingizo la mwingine. Karani akiyahamishia mauzo kwenye lahajedwali, kwa mfano Excel, kila kisanduku ni seli, na fomula hujumlisha seli hizo yenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Akiandika 1,400 badala ya 14,000, kompyuta haitamkatalia. Itajumlisha namba ya uongo bila kukosea hata senti. Dawa ni usuluhishi wa hesabu: kulinganisha lahajedwali na taarifa ya M-Pesa, msimbo kwa msimbo. Tofauti itakuwa 12,600. Kwa kuwa inagawanyika kwa 9, mhasibu mzoefu atashuku mara moja kwamba sifuri imerukwa au tarakimu zimebadilishana nafasi.

Zipo pia istilahi za ulinzi. Nenosiri ni la mtu mmoja, si la ofisi nzima. Haki za ufikiaji huamua nani aone nini na nani abadilishe nini; anayeingiza malipo asiwe yeye anayeyaidhinisha. Nakala rudufu ihifadhiwe mbali: flashi inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile itaondoka nayo mwizi akipita.

Haya si mambo ya mtihani tu. Mamlaka ya Mapato Kenya, KRA, ina mfumo wa ankara za kielektroniki uitwao eTIMS, na tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, mbali na zilizosamehewa, haikubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato.

Mwanafunzi unayekwenda kwenye mafunzo ya kazini, ukionyeshwa mfumo wowote mpya, uliza maswali matatu: data inaingizwa na nani, inahifadhiwa wapi, na nani anaikagua? Asiyeweza kukujibu la tatu, mfumo wake bado haujakamilika.