Mikaratusi Myekundu ya Irente

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, ubonyeze kitufe chochote. Kwenye simu nyingi utaona kitaa cha zambarau kikimetameta, ingawa kwa macho matupu rimoti haiwaki kitu. Huo ndio mwanga wa infraredi. Rimoti nyingi hutoa mwanga wa nanomita 940 hivi, na jicho la binadamu hukomea karibu 700. Kihisi cha kamera, kile kipande cha silikoni kinachopokea picha, hufika karibu 1100. Kwa kuwa mwanga huo wa ziada huvuruga rangi, watengenezaji huweka mbele ya kihisi kioo cha kuuzuia.

Kamera yangu haina kioo hicho. Alikitoa fundi, tena fundi mzoefu, maana kamera yenye flashi ya ndani hubeba kapasita inayoweza kukupiga shoti hata ikiwa imezimwa. Usijaribu mwenyewe na bisibisi mezani.

Watu wakisikia infraredi hudhani napiga picha za joto, kama zile kamera za kupimia homa. Sivyo. Joto la mwili hutoka kwa mawimbi marefu mara kumi hivi kuliko haya, na kamera ya kawaida haiyaoni kabisa. Ninachopiga mimi ni mwanga wa jua uliogonga vitu ukarudi.

Na kitu kinachourudisha sana mwanga wa infraredi ni jani. Klorofili hula mwanga mwekundu na wa buluu, huturudishia kijani kidogo. Lakini klorofili haina kazi na infraredi. Mwanga huo hupenya hadi kwenye tishu za ndani, hutawanyika huko na kutoka tena, karibu nusu yake. Kumbe mti tunaouona wa kijani iliyokolea, kwa infraredi unang'aa. Mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910, miti myeupe kama imemwagiwa chokaa chini ya anga jeusi.

Rangi zilikuja kwa sababu ya vita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kodak ilitengeneza filamu iliyogeuza infraredi kuwa nyekundu, nyekundu kuwa kijani, na kijani kuwa buluu. Kifaru kilichopakwa rangi ya kijani humdanganya rubani, lakini hakirudishi infraredi kama jani. Kwenye filamu msitu hutoka mwekundu, na kifaru hutoka buluu, kimeumbuka. Filamu hiyo baadaye ilijulikana kama Aerochrome. Baada ya Kodak kuacha kuitengeneza, mpiga picha Richard Mosse wa Ireland alizunguka nayo mashariki mwa Kongo, na milima ya Kivu ikatoka ya waridi. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Wapo wanaoona kwamba aliipamba vita ya huko. Mimi naona aliitumia mahali pake: filamu ya kufichua waliojificha, kwenye vita ambayo dunia haikutaka kuitazama.

Sasa sisi tusio na filamu tunafanyaje? Tunapanga filta. Ninapotoka Lushoto mjini, huku Usambara, kwa miguu kwenda Irente, lenzi yangu huwa na vioo vitatu vilivyobebana. Cha chini ni filta ya njano iliyokolea. Hiyo huzuia buluu yote, na hapo ndipo ujanja ulipo: sehemu ya kihisi iliyotengwa kwa ajili ya buluu haipati buluu tena, inapata infraredi peke yake. Sehemu nyekundu inapata nyekundu pamoja na infraredi, ya kijani vivyo hivyo. Jioni, kwenye kompyuta, natoa ile infraredi kwenye hizo mbili, kisha nahamisha rangi kama Aerochrome ilivyofanya. Ni hesabu ya kutoa tu, hakuna kupaka rangi kwa mkono.

Juu ya njano nafunga polaraiza mbili, filta zinazopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Ukizungusha moja juu ya nyingine, mwanga wa kawaida hupungua mpaka karibu giza, lakini infraredi hupita, kwa sababu polaraiza nyingi za kawaida hazina nguvu juu yake. Pete ya kuzungushia polaraiza basi inakuwa bomba la kupimia: mwanga unaoonekana kiasi gani, infraredi kiasi gani. Kwenye msitu wa Magamba siikazi kabisa, maana majani ya juu yamekwisha kula mwanga mwekundu na kuachia infraredi ishuke. Kwenye nyasi kavu naizungusha karibu nusu.

Pale Irente kuna kibanda kimeezekwa bati la kijani, kimezungukwa na mikaratusi na migomba. Kwa macho, bati na majani ni ndugu. Kwenye picha mikaratusi ilitoka nyekundu, migomba nyekundu zaidi, bati likawa buluu, na udongo mwekundu wa barabarani ukawa njano. Mwavuli mweusi wa mama mwenye kibanda uligeuka rangi ya damu ya mzee, kwani vitambaa vingi vyeusi hurudisha infraredi bila sisi kujua. Baada ya ile hesabu ya jioni, nilirudi nikamwonyesha.

"Mwanangu, mbona umeiunguza migomba yangu?"

"Haijaungua, mama. Ikiwa na afya ndiyo inakuwa hivyo."

Alicheka, lakini nilimwambia kweli. Jani likikauka wekundu wake hufifia, na kwa msingi huohuo setilaiti za Landsat, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1972, zimekuwa zikitofautisha mimea hai na ardhi tupu.

Vioo vitatu vina adha zake. Lenzi pana hukata pembe za picha kuwa nyeusi. Jua likigonga kwa ubavu, vioo hurushiana mwanga na kuleta madoa kwenye picha. Nyuzi za skrubu za filta hukamatana kwa baridi ya Usambara. Adha nyingine ni kosa la lenzi yenyewe: baadhi huacha doa jeupe katikati ya picha za infraredi. Kabla ya kununua lenzi, ijaribu kwanza ukiwa umebana tundu lake.

Kama unataka kuanza, tafuta kamera ya zamani iliyotumika, mpe fundi akitoe kile kioo cha kuzuia infraredi, nunua filta ya njano peke yake. Polaraiza zitasubiri mpaka mkono uzoee. Na usiamke alfajiri kama wapiga picha wengine: toka saa sita mchana, jua likiwa utosini, ndipo majani hung'aa zaidi.