Kutoka Mwanasesere hadi Mdoli: Mchezo wa Mtoto na Vigezo vya Urembo katika Miteremko ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya midoli ya mitindo katika kumjengea mtoto wa kike taswira ya mwili wake. Eneo linalozingatiwa ni mji wa Moshi pamoja na vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwa midoli ya mitindo tuna maana ya sanamu ndogo za plastiki zenye umbo la mwanamke mzima, ambazo mtoto huzivika na kuzivua mavazi. Mfano wake mkuu ni Barbie. Hoja yetu ni kwamba badiliko kubwa limetokea katika uhusiano wa mtoto na sanamu anayoichezea. Sanamu ya zamani ilimfanya mtoto kuwa mama. Sanamu ya sasa humfanya kuwa mtazamaji wa mwili ambao huenda akadhani kwamba anapaswa kuwa nao.

2.0 Mwanasesere na Mdoli

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Neno mwanasesere limebeba ndani yake neno mwana: kinachochezewa ni mtoto, na anayecheza ni mzazi wake. Neno mdoli, ambalo limekopwa kutoka Kiingereza, halina mwana ndani yake. Kwa hiyo linaweza kumtaja mtoto mchanga wa plastiki na pia mwanamke mzima aliyevaa viatu virefu.

Katika vihamba vya migomba na kahawa, watoto wamekuwa wakijitengenezea wanasesere kwa maganda makavu ya migomba, magunzi ya mahindi na vitambaa vikuukuu. Mwanasesere wa namna hii hana kiuno wala nyonga, na pengine hana hata macho. Linalotakiwa ni kwamba abebeke mgongoni, alazwe na abembelezwe. O. F. Raum, katika kitabu chake Chaga Childhood (1940), alikwisha kuonyesha jinsi michezo ya watoto wa Kichaga ilivyoiga kazi na maisha ya wakubwa. Kilichoigwa, basi, kilikuwa ni matendo.

Inaweza kudaiwa kwamba sanamu za mwili wa mwanamke si ngeni nchini. Wazaramo na jirani zao wa pwani wana mwanahiti, kinyago cha mti chenye kichwa, kiwiliwili na matiti, lakini kisicho na mikono wala miguu. Kinyago hiki kilihusishwa na unyago, na mwali alikitunza akiwa ndani. Hata hivyo, mwanahiti ni ishara ya uzazi na ukoo. Hakuna mwali aliyetazamiwa kufanana nacho.

3.0 Mwili wa Mdoli

Barbie alianza kuuzwa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1959. Kielelezo chake kilikuwa Lilli, mdoli wa Kijerumani wa mwaka 1955 ambaye hapo awali alikusudiwa watu wazima. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 29. Watafiti waliokuza vipimo vyake hadi kimo cha binadamu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, walikadiria kwamba mwanamke mwenye umbo hilo hafiki mmoja kati ya 100,000.

Je, mtoto huathirika? Mwaka 2006 Helga Dittmar na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wasichana 162 wa Uingereza wenye umri wa miaka 5 hadi 8. Waliotazama picha za Barbie waliridhika kidogo zaidi na miili yao, na walitamani wembamba zaidi, kuliko wenzao waliotazama picha nyingine. Athari hiyo haikuonekana kwa namna ileile miongoni mwa wasichana wakubwa zaidi katika kundi hilo. Kuhusu rangi, Kenneth na Mamie Clark walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1940 kwamba wengi wa watoto weusi wa Marekani waliowachunguza walimchagua mdoli mweupe kuwa ndiye mzuri.

Mattel ilitoa Barbie mweusi mwaka 1980, lakini vipimo vya mwili vilibaki vilevile. Maumbo mengine matatu, yaani mrefu, mfupi na mnene, yaliongezwa mwaka 2016.

4.0 Hali ya Moshi

Midoli hii haifiki Moshi kupitia madukani tu. Baadhi huja pamoja na mitumba, biashara iliyopanuka baada ya kulegezwa kwa masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980. Kitu cha mtumba huja kikiwa kimekwisha tumika kwingine. Kwa sababu hiyo umbo la zamani la mdoli linaweza kuendelea kuchezewa huku muda mrefu baada ya kiwanda kuongeza maumbo mapya.

Mgongano ulio wazi zaidi unahusu nywele. Shule nyingi za serikali huwataka wasichana wanyoe au wakate nywele fupi. Msichana huyo arudipo nyumbani huchana nywele ndefu zilizonyooka za mdoli, ambazo yeye hana na mama yake hakuzaliwa nazo. Kwa hiyo mchezo unamfunza kwamba nywele za kushughulikiwa ni za mwingine.

Mgongano wa pili unahusu unene. Katika Uchaga mama aliyejifungua hulishwa mtori na vyakula vingine vya kumrudishia nguvu, na kauli kama "umenawiri" au "umenenepa" ilikuwa sifa, kwani ilishuhudia kwamba mtu anatunzwa. Leo msichana husikia pia maneno bonge, modo na figa namba nane. Ni muhimu kutambua kwamba figa namba nane hudai kiuno chembamba pamoja na nyonga pana. Vigezo vya nyumbani, vya mtaani na vya mdoli havipatani, na mtoto huachwa avipatanishe peke yake.

Hata hivyo, si haki kuutwika mdoli mzigo wote. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi. Bila shaka tamaa ya weupe ilikwisha kuwako. Televisheni nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Mdoli amekuja kuitia tamaa hiyo mikononi mwa mtoto wa miaka mitano, katika umri ambao mchezo ndio shule yake.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kupita kutoka mwanasesere hadi mdoli ni kupita kutoka kutunza hadi kujilinganisha. Kupaka mdoli rangi nyeusi au kumvika kitenge hakutoshi, maadamu mwili uliomo ndani ya kitenge ni uleule. Wala kupiga marufuku hakutasaidia, kama historia ya mwaka 1968 inavyodokeza. Lililo katika uwezo wa mzazi na mwalimu ni kuurudisha mchezo wa kulea: kumwachia mtoto gunzi, kitambaa na muda wa kumfanya mwana. Kwa watafiti wa Kiswahili, msamiati wa mwili wanaoutumia watoto wenyewe wachezapo ni uwanja unaostahili kukusanywa na kuchambuliwa.