Daftari za mapishi na siri za jikoni katika Marekani ya kale

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inaafiki vyema historia ya mapishi katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini, ambako yaliyoandikwa yamedumu, na mengi yasiyoandikwa yamesahaulika pamoja na wenyewe.

Walowezi wa kwanza hawakuwa na anasa ya kuchagua chakula. Katika kijiji cha Jamestown, Virginia, kilichoanzishwa mwaka wa 1607, njaa ya majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 iliwaua wengi, wakasalia takriban 60. Huko Plymouth, karibu nusu ya abiria 102 wa meli ya Mayflower, waliofika mwaka wa 1620, walikufa kabla ya mwaka wa kwanza kutimia.

Waliosalia Plymouth waliokolewa na maarifa ya wenyeji. Tisquantum, aliyejua Kiingereza baada ya kutekwa nyara na kupelekwa Ulaya mwaka wa 1614, aliwafunza kupanda mahindi kwa kutumia samaki kama mbolea. Wenyeji walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja: maharagwe yaliparamia mabua, nayo majani ya maboga yakafunika udongo.

Kwa kuwa ngano haikustawi vyema New England, akina mama walibadilisha mapishi ya kwao. Mkate ulitengenezwa kwa unga wa mahindi uliochanganywa na wa shayiri nyeusi. Uji mzito uliopikwa Uingereza kwa ngano sasa ulisongwa kwa mahindi, mithili ya sima yetu. Aidha, unga huo ulipikwa polepole kwa maziwa na asali nyeusi ya miwa kutoka visiwa vya Karibi, zao la jasho la watumwa.

Hapakuwa na kipimajoto. Mpishi aliingiza mkono tanurini na kuhesabu. Muda aliostahimili ndio uliomwarifu iwapo moto unafaa. Siagi nayo ilipimwa kwa ukubwa wa yai.

Jamaa zenye uwezo ziliandika mapishi katika daftari zilizorithishwa vizazi hadi vizazi. Mashuhuri ni daftari ya Martha Washington, mkewe rais wa kwanza wa Marekani, yenye mapishi zaidi ya 500 yenye asili ya Uingereza. Mwaka wa 1799 alimkabidhi mjukuu wake, Nelly.

Kitabu cha kwanza cha mapishi kuchapishwa katika makoloni hayo, Williamsburg mwaka wa 1742, nacho kilikuwa cha Mwingereza, Eliza Smith. Ilibidi kungoja hadi 1796, ambapo Amelia Simmons alichapisha mapishi ya unga wa mahindi katika kitabu chake, American Cookery. Mahindi yalikuwa yamewalisha walowezi kwa karibu karne mbili.

Hata hivyo, Waafrika waliopika katika jikoni nyingi za kusini, na ambao bara lao ndilo asili ya bamia na kunde zilizoliwa huko, hawakuacha daftari. Sheria ya South Carolina ya mwaka wa 1740 iliharamisha kuwafunza watumwa kuandika. Ujuzi wao ulipokezanwa kwa mdomo na mkono, huku majina ya wengi wao yakipotea.

Basi tunaposonga sima, tukumbuke kwamba mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Na kama nyanya yungali hai, yafaa kumuuliza leo jinsi anavyopika, na kuandika.