Lady Jaydee: Kutoka Machozi hadi Woman

Safari hii tunazitazama albamu za Lady Jaydee (Judith Wambura) wa Tanzania kwa jicho la mwalimu wa lugha.

Za mwanzo zilipewa majina ya neno moja la Kiswahili: Machozi, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Binti (2003), Moto (2005) na Shukrani (2007). Mwanafunzi wa Gudele, magharibi mwa Juba, anayesema Kiarabu cha Juba, hahitaji kamusi kwa hilo la mwisho. Baadaye majalada yakageuka Kiingereza: Nothing But the Truth (2013) na Woman (2017).

Je, Kiswahili kimeachwa? Hatuoni hivyo. Ndani ya albamu ya 2013 mna "Yahaya" na "Joto Hasira", huu wa pili akiwa na Professor Jay, na zote mbili ni za Kiswahili.

Tena majina ya nyimbo yamekuwa magumu zaidi, na hapo ndipo penye faida kwetu. "Siku Hazigandi" ni usemi: kitenzi cha maziwa na mafuta kimepewa siku. "Ndi Ndi Ndi" (2016) ni tanakali ya sauti. Kufunga kitu ndi ni kukikaza kabisa kisilegee. Neno "machozi" mwalimu atalitafsiri kwa sekunde moja. "Ndi" halitafsiriki, bora awapeleke wanafunzi barabarani hapo Gudele, wakamtazame mwendesha bodaboda anavyofunga mzigo.