Tangi la Alumini Hutakaswa Kabla ya Moto

Msafiri ashukaye kutoka Nairobi, akalipita lile kanisa dogo walilolijenga mateka wa vita wa Kitaliano mwaka 1942, huingia Mai Mahiu akakuta malori yamejipanga kandokando ya barabara, na miongoni mwao aghalabu halikosi moja lenye tangi la dizeli la alumini lililopasuka kwa misukosuko ya safari.

Fundi aliyezoea kuchomelea chuma hudhani kazi ni ileile, kumbe alumini ina tabia yake. Ikiguswa na hewa tu hujifunika utando wa oksidi, mwembamba usiodhihirika kwa macho, lakini mkaidi mbele ya moto: alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, hali utando huo hustahimili mpaka kupita nyuzi 2000; basi ndani huwa kumekwisha kuwa maji na juu kungali kugumu, naye asiyejua huzidi kuongeza moto hata tangi likatoboka.

Taksiri iliyo kubwa zaidi ni kukosea utaratibu. Wengi hukimbilia brashi ya waya, wakaishindilia grisi na vumbi la Bonde la Ufa ndani ya mikwaruzo. Na mafuta yakiungua hutoa haidrojeni, ambayo alumini iliyoyeyuka huinywa kwa wingi, kisha ikiganda huitema, ikaacha vitundu ndani ya mshono. Sharti mafuta yatangulie kuondoka: pafutwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa asetoni, kikitoka cheusi kitwaliwe kingine, hata kitoke kama kilivyoingia. Ndipo ije brashi ya chuma kisichoshika kutu, isiyopata kugusa chuma cha kawaida, ipitishwe bila kukandamizwa. Na akisha fundi asikawie, kwa kuwa utando huanza kurejea papo hapo.

Fauka ya hayo, tangi lisikaribie moto kabla halijamwagwa, likaoshwa na kutolewa mvuke wote, kwani mvuke wa mafuta uliofungiwa hulipuka ukaua. Wala pasifutwe kwa dawa ya breki yenye klorini, maana joto na mwanga wa kuchomelea huweza kuigeuza fosjini, ile sumu iliyoangamiza askari wengi katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Basi, ewe dereva, ukimwona fundi anafuta kwa muda mrefu kuliko anavyochomelea, usimhimize wala usimpunguzie ujira. Kazi unayoilipia ndiyo hiyo.