Hesabu ya Mita Nyingi za Umeme

Njisi ni kata ya Wilaya ya Kyela, karibu na mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Kyela ni nchi ya mpunga, na mashine ya kukoboa yaweza kutumia njia moja ya umeme pamoja na duka la jirani. Siku hizi kompyuta huweza kukusanya vipimo vya mita zote na kuvijumlisha mara moja. Lakini kompyuta hufuata maagizo tu: ikiagizwa vibaya, yaweza kumtia mtu asiye na hatia katika tuhuma ya wizi wa umeme.

Mita hupima nishati kwa kilowati-saa, ambayo watu huiita uniti. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja hutumia uniti 1.

Na ichukuliwe mfano wa jengo lenye mita kuu A mlangoni. Baada yake ipo mita B ya mashine na mita C ya duka; taa za jengo hazina mita yake. Mita zilisomwa saa 12 asubuhi, zikasomwa tena saa hiyo hiyo baada ya siku 7. A iliongezeka kwa uniti 600, B kwa 410, na C kwa 120.

Asiyejua hujumlisha zote akapata 1,130. Hilo ni kosa, kwa kuwa umeme wa B na C umekwisha kupita katika A. Umehesabiwa mara mbili. Matumizi ya jengo ni 600. Ukitoa 530 za B na C, zinabaki 70, ambazo ni za taa pamoja na nishati inayopotea kwa joto katika nyaya.

Jambo la pili ni wakati. Tuseme siku ya mwisho B na C zilisomwa asubuhi, lakini A ikasomwa jioni, baada ya mashine na duka kutumia uniti 70 zaidi. A itaonyesha 670, na baki itakuwa 140. Mwenye jengo atadhani kuna mwizi, kumbe saa za kusoma ndizo zilizotofautiana. Kwa sababu hiyo, hapana budi saa za mita zote zilinganishwe kwanza.

Tatu, kipimo kilichokosekana si sifuri. Mawasiliano yakikatika, programu iandike kwamba hakuna habari, isiandike kwamba umeme haukutumika.

Nne, mita hazisomeki kwa namna moja. Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, huonyesha uniti zilizobaki. Matumizi yake ni baki ya mwanzo, kuongeza uniti zilizonunuliwa, kutoa baki ya mwisho.

Mwisho, yafaa kutofautisha nishati na kilowati, yaani kasi ya kuitumia. Mashine ikifikia kilowati 15 adhuhuri, na duka kilowati 5 usiku, haifuati kwamba jengo lilifikia 20, maana vilele hivyo havikutokea kwa wakati mmoja.

Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe: wasome mita ya LUKU nyumbani kila siku saa ile ile kwa juma moja, waandike na uniti zilizonunuliwa, kisha watafute matumizi ya kila siku. Siku moja wachelewe makusudi kwa saa 6, waone jinsi hesabu ya siku hiyo na ya kesho yake zinavyopotoka.